Mjadala: Teksi za London na robota la majani makavu. Sheria kongwe zifutwe, au ziachwe zife zenyewe?

Mbeba Boksi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naendesha gari la kukodi huku London, siyo zile teksi nyeusi, ni hizi za kuitwa kwa simu. Juzi usiku nikampakia mzee mmoja wa Kiingereza, keshapiga zake mbili tatu. Kabla sijaondoa gari akaniuliza majani ya farasi nimeyaweka wapi, akacheka peke yake. Halafu akaanza kunielimisha: eti kila dereva wa teksi London lazima awe na robota la majani makavu kwenye buti, maana sheria ya enzi za magari ya farasi haijafutwa mpaka leo.

Hadithi hiyo nimeisikia si chini ya mara kumi, kwa hiyo nikaifukua. Ni uzushi. Kilichokuwepo ni sheria ya mwaka 1831 ya magari ya kukodi ya London, iliyogusa namna ya kumlisha farasi barabarani: nafaka ale kutoka kwenye mfuko, na majani dereva ayashike kwa mkono wake. Basi. Ukipiga picha ya mtaa wa wakati ule, magari yamepanga foleni na kila dereva anamwaga majani chini mbele ya farasi wake, utaelewa shida ilikuwa nini. Hakuna palipoandikwa kwamba majani lazima uyabebe, na kipengele chenyewe kilifutwa mwaka 1976. Kumbuka leseni ya mwisho ya teksi ya farasi London ilirudishwa mwaka 1947. Kwa miaka 29 walikuwa na sheria ya kulisha farasi asiyekuwepo.

Ipo na ile nyingine, kwamba dereva wa teksi anaruhusiwa kujisaidia haja ndogo kwenye gurudumu lake la nyuma. Nayo ni uzushi, msije mkajaribu.

Sasa hoja. Tunacheka sheria ambayo haipo, ilhali iliyopo hatuioni. Nje ya London, teksi za Uingereza na Wales mpaka leo zinaongozwa na sheria ya polisi ya miji ya mwaka 1847. Seyyid Said alikuwa bado hai Unguja! Mwaka 2014 Tume ya Sheria ya Uingereza na Wales ilipendekeza itungwe sheria moja mpya ya teksi zote. Pendekezo likabaki kwenye makaratasi. Mimi nasema hizi kongwe zifutwe zote. Nyie mnasemaje?

Mkongwe wa Kariakoo

Mkuu, naomba nitofautiane. Sheria iliyolala haimng'ati mtu. Bunge likae siku nzima kujadili majani ya farasi, posho nani analipa? Nyumba ya bibi yangu ina chumba kimejaa masufuria yaliyotoboka, na hakuna aliyewahi kuumizwa nayo. Ziacheni. Isitoshe hayo ni mambo ya Waingereza, sisi yanatuhusu nini?

Kifungu Kidogo

Mkongwe, masufuria ya bibi hayapelekwi mahakamani. Sheria hupelekwa.

Wapo London watu wanaozungusha watalii kwa baiskeli za magurudumu matatu, chukulia guta la Kariakoo lililowekewa viti, taa za rangi na spika. Swali likaja: je, hiyo ni teksi? Kama ni teksi, ikate leseni. Ikabidi kurudi kwenye sheria ya London ya mwaka 1869. Inasema gari ambalo kila abiria analipa nauli ya kiti chake si gari la kukodi, ni gari la safari za abiria wengi, yaani ndugu wa basi. Waliotunga walikuwa wanawaza magari ya farasi ya wakati wao. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ikaamua hayo maguta, kwa kuwa yanatoza kwa kichwa, yanaangukia huko. Kwa hiyo hayakuhitaji leseni ya teksi.

Nje ya London, chini ya hiyo sheria ya 1847 ambayo mleta mada anaicheka, guta lilelile linahesabiwa ni gari la kukodi na linakatiwa leseni. Kitu kimoja, nchi moja, majibu mawili, sababu ni maneno yaliyoandikwa na watu waliokufa zamani. Matokeo yake watalii wakawa wanachajiwa mamia ya pauni kwa safari ya mitaa michache, na mamlaka ya usafiri ya jiji haikuwa na nguvu ya kupanga nauli. Sheria mahususi ya kuziba pengo hilo imekuja kupitishwa Aprili 2024. Hesabu mwenyewe, miaka 20 na ushee.

Na usiseme hayatuhusu. Sheria ya Kenya mpaka leo inazitambua sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, kadiri mazingira yanavyoruhusu. Ya Tanzania inataja 22 Julai 1920. Sheria zilizohusu jiji la London tu hazikuja kwetu, hilo nakubali. Ila wakili wa Dodoma au Kisumu bado anaweza kujikuta anapekua vitabu vya Malkia Victoria.

Mkongwe wa Kariakoo

Sawa, hapo kwa guta umenipata. Hata bajaji na bodaboda kwetu zilibeba watu kwanza, kanuni za leseni zake zikaja mwaka 2010. Lakini angalia unachokisema: hilo ni pengo la sheria mpya kukosekana. Sheria ya zamani kuwepo siyo iliyoleta tatizo.

Dada wa Leicester

Mie naitetea hiyo ya 1847, tena kwa sababu ya kichoyo. Ndani yake dereva aliyeegesha kijiweni akikataa kukupeleka popote ndani ya eneo lake bila sababu ya msingi, ni kosa. Usiku wa manane nikitoka zamu ya hospitali, mvua inanyesha, safari yangu ni ya dakika sita tu, dereva anavuta mdomo kwa kuwa haina faida. Lakini anakwenda. Nakumbuka Dar ulivyokuwa ukisema "Mbagala" saa kumi na moja jioni, dereva anapandisha kioo taratibu akiangalia pembeni kama hajakusikia. Kaka zangu, mkifuta kila chenye mvi, hakikisheni hiyo haki mmeiandika upya kwanza.

Mbeba Boksi

Dada, nimekusikia, na hapo narudi nyuma kidogo. Nirekebishe: zipitiwe, halafu zifutwe.

Lakini ngoja niwape inayouma mfuko. Teksi nyeusi ya London lazima iweze kugeuka ndani ya duara la futi 25. Hilo sharti ni la mwaka 1906, mitaa bado imejaa farasi. Watu hupenda kusema ni kwa sababu ya mzunguko mdogo mbele ya hoteli ya Savoy. Hadithi tamu, siiamini. Sharti lipo hadi leo. Mercedes walipotaka kuingiza gari lao la Vito kwenye soko hilo, ilibidi waifanye magurudumu ya nyuma nayo yakate kona. Gari la kawaida la milango mitano halipiti. Teksi mpya ya umeme inazidi pauni 60,000. Rafiki yangu wa Kisomali anailipia kila mwezi, na ukimuuliza mara ya mwisho kugeuza gari ndani ya mtaa mwembamba ilikuwa lini, anakwambia jana. Na juzi. Anaipenda kuliko mkewe anavyojua. Kwa hiyo hata mimi hapo sijui nifute nini.

Kifungu Kidogo

Haha, mleta mada kajipinga mwenyewe. Mimi msimamo wangu uleule: duara libaki kama linasaidia, ila liandikwe kwa sababu za leo, na asiyelihitaji apewe leseni nyingine.

Mkongwe wa Kariakoo

Mbeba Boksi, yule mzee ulipomwambia majani ni uzushi alisemaje?

Mbeba Boksi

Alinikatalia kabisa, mkuu. Akasema shemeji yake ni dereva wa teksi nyeusi miaka 30, atajua kuliko mimi. Akashuka akabamiza mlango.