Mrejesho: barua ya kuomba vichanja vya dagaa

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza namna ya kuandika barua ya kuishawishi kamati ya soko letu hapa Kigoma ituruhusu kujenga vichanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya ardhi, tuache kuanika dagaa mchangani.

Rasimu ya kwanza ilikuwa malalamiko matupu, kurasa 3. Mkasema nianze na ombi lenyewe. Nikabaki na ukurasa 1. Aliyeniambia "jibu pingamizi kabla hawajalitoa" ndiye aliyeniokoa. Nilijua watasema vichanja vinakula nafasi, nikapima kwa hatua, nikaonyesha njia ya mikokoteni inabaki. Nikabeba na dagaa wa aina mbili, wa mchangani na wa kichanjani. Mwenyekiti akawatafuna wote. Mchanga ukamjibu wenyewe.

Ushauri wa kumtaja Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, niliuacha, samahani aliyeutoa. Njia zake tatu za kushawishi, yaani hoja, hisia na uaminifu wa msemaji, nilizitumia, ila jina lake pale lingekuwa kujionyesha tu.

Tuliomba vichanja 10, tumepewa 4. Ombi la kupunguziwa ushuru limekataliwa: nililichomeka mwishoni bila hesabu yoyote. Hilo nitaliandikia barua yake. Asanteni sana, ndugu zangu.