Maji ya kisima Usa River: nikichemsha, floraidi inakufa?

mwana_muheza
Habari za jioni wadau. Mimi mtu wa Muheza, nimeolewa Umeruni, huu mwaka wa pili tunakaa Usa River, Arusha, chini ya Mlima Meru. Kwetu nilizoea maji ya tope: unatuliza ndoo usiku kucha, asubuhi unachemsha. Huku maji ya kisima ni meupe, baridi, nikajua nimepata. Kumbe watoto wa jirani wakicheka, meno yana michirizi ya kahawia, mengine yamemeguka. Binti yangu ana miaka mitatu, meno bado meupe. Wifi kaniambia "chemsha, floraidi itakufa." Nachemsha mpaka mkaa unaniisha. Inakufa kweli? Au nimpunguzie kunywa maji? Ya dukani kila siku siwezi, nauza mboga Tengeru.

fundi_bomba
Dada, floraidi siyo mdudu. Ni madini yaliyoyeyuka kwenye maji, na yakizidi ndiyo yanayotia meno hayo madoa. Ukichemsha lita tano zikabaki nne, floraidi yote imo humo humo, umeizidisha ukali. Kuchemsha usiache, kunazuia kuhara na homa ya matumbo, ila kwa hili hakusaidii.

Chanzo ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na maji yakipita kwenye majivu na miamba yake yanaokota floraidi njiani. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi kikomo chetu kilikuwa 4, baadaye ndiyo kikashushwa. Haina rangi, harufu wala ladha, na visima viwili vya jirani vinaweza kupishana sana, kwa hiyo peleka chupa maabara ya maji wakupimie.

Kumpunguzia maji usithubutu! Zaidi ya nusu ya mwili wake ni maji, na figo ndizo zinazotoa sehemu ya hiyo floraidi kwenye mkojo. Badilisha maji, usipunguze.

kijana_wa_majiyachai
Shemeji, mimi ndiye hao watoto wa jirani, nimekua tu. Nenda kwenye picha zangu zote za shule, hakuna hata moja nimefungua mdomo. Nilipopelekwa kusoma Tabora wenzangu walidhani navuta sigara tangu chekechea. Nimesugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa ndimu. Ndimu ndiyo ilinitia adabu, wiki nzima hata uji wa vuguvugu ulinichoma. Doa halitoki, limo ndani ya jino.

Usidanganyike na meno ya utoto kuwa meupe. Yale ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi ndani ya ufizi, mpaka miaka minane hivi. Hiyo ndiyo miaka yako ya kuhangaika. Babu yangu yeye ilimfika kwenye mifupa: miguu ilipinda, akamalizia maisha na fimbo mbili.

Halafu, jikoni kwenu maharage mnaweka magadi? Hayo nayo yana floraidi, tena nyingi.

mzee_wa_busara
Wazee wetu wamekunywa hayo hayo wakafika miaka tisini. Vijana mnapenda hofu.

kijana_wa_majiyachai
Shikamoo mzee. Walifika, ndiyo. Wakiwa wameinama.

fundi_bomba
Dada, mvua ndiyo dawa ya bei nafuu, karibu haina floraidi kabisa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 2,000. Nyingine itamwagika, lakini simtanki ya ujazo huo inakaribia kujaa. Mvua ya kwanza iache ioshe bati. Maji hayo ni ya kunywa na kupikia tu. Kufulia na kuoga tumia kisima. Kiangazi kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamelifanyia kazi miaka mingi. Mkaa huo hubadilishwa ukichoka, na mifupa ikichomwa vibaya maji yananuka, usichome mwenyewe.

mwana_muheza
Asanteni sana. Nimepima bati kwa hatua, ni kama mita sita kwa saba. Mume kakubali gata kabla ya masika, simtanki tutakopa kikundini. Chupa naipeleka mjini Jumatatu. Magadi ndiyo kesi, maana mama mkwe bila magadi anasema maharage ni mawe. Leo nimemwambia dukani yameisha. Mungu anisamehe.