Hadithi ya posa iliyokataliwa Lamu: wazee wa baraza wanatoka wabaya mno

mwana_mkomani
Assalaam alaykum. Naandika hadithi fupi, maneno 3,000 hivi, Lamu ya mwaka 1955. Mwalimu kijana, ambaye bibi yake alikuwa mtumwa wa shamba, anapeleka posa nyumba ya waungwana mtaa wa Mkomani na anakataliwa. Wanaonisomea wanasema wazee wametoka mashetani watupu, na baba wa msichana anatoa khutba. Ubaguzi niuonyesheje bila kuuhubiri?

binti_daka
Wa alaykum salaam. Khutba yote futa. Mbele ya mshenga hakuna atakayemtaja mtumwa. Ataambiwa msichana bado mdogo, "tutashauriana", kisha kimya cha miezi miwili. Mshenga anajua kimya hicho maana yake nini, na msomaji atajua pia.

Halafu itumie nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ina daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), misana (vyumba virefu), mpaka ndani kabisa, na mgeni mwanamume wa heshima hupandishwa sabule, chumba cha wageni cha juu. Amua mapema nani anaishia wapi. Mwalimu anayemsomesha mdogo wa msichana apokewe kwa bashasha, apewe kahawa na halua, lakini kila siku pale pale dakani. Usilieleze. Baadaye aje mgeni kutoka Siyu, hajulikani ila kwa jina la ukoo wake, apandishwe sabule moja kwa moja huku mwalimu ameketi anamtazama akipita. Hapo hakuna aliyetukanwa, na kila kitu kimeshasemwa.

mhariri_malindi
Kwangu mimi tatizo ni baba kuliko wazee. Katika madhehebu ya Shafi, kufu, yaani kulingana kwa wachumba, hutazama nasaba, uhuru, dini na kazi, lakini binti na walii wake wakiridhia, ndoa inasihi. Baba anajua. Sheria haijamfunga mikono. Anachoogopa ni mtaa. Basi mpe hesabu ya kupiga usiku: nani hatakuja kwenye walima, nani atakosekana kwenye hitima ya mamake, mabinti wawili waliobaki wataposwa na nani.

Na ampende mwalimu kwa dhati. Ukimfanya katili, msomaji atajisemea "mimi si kama huyu", na hadithi yako imekufa hapo.

Wazee wabaki watatu, mmoja wao hataki kukataa. Aanze sentensi, aone wenzake wameinamia vikombe, aimalizie kwa habari za kusi na majahazi. Woga wa kutengwa unaonekana vizuri zaidi kwa mtu mwema anayemeza neno lake.

binti_daka
Muuza kahawa naye asisahauliwe. Kikombe alichonywea mwalimu akisuuze mara mbili, vya wengine mara moja, kisha aendelee kumimina kutoka kwenye dele. Mara moja tu katika hadithi nzima! Ukilirudia litageuka bango.

kaskazi
Mwaka 1955 usiwe pambo. Utumwa ulikomeshwa pwani yetu mwaka 1907, kwa hiyo wazee hao waliuona kwa macho yao utotoni. Tena serikali ya kikoloni iliwagawa watu kuwa "wenyeji" na "wasio wenyeji", Waarabu wakawekwa kundi la pili, na uwakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria ukafuata mgawo huo. Nasaba ikawa na faida serikalini pia. Hati ya nasaba ndani ya kasha ingefaa sana kwenye hadithi yako.

Mwalimu naye usimwache mpweke. Habib Swaleh, mwanazuoni wa Lamu, alikuwa ameshawafungulia elimu watu waliodharauliwa, na Riyadha, msikiti na chuo chake, iko mtaa wa Langoni. Huko ana marafiki na anaheshimiwa. Usiku wa maulidi awe safu moja na baba wa msichana, bega kwa bega. Asubuhi arudi dakani.

mwana_mkomani
Ahsanteni mno. Mazungumzo niyaandike Kiamu, lahaja yetu ya Lamu?

mhariri_malindi
Masimulizi Kiswahili sanifu, vinywani Kiamu kidogo: mui (mji), yeo (leo), mato (macho). Mwalimu aseme Kiamu safi kuliko wote. Lakini nauliza, msichana yuko wapi? Katika ulivyoeleza hana hata neno moja. Mpe maneno 400, na yaje kabla ya jibu la baba. Yakija baada, atakuwa hana kazi ila kulia.