Kufuga mbwa Kampala: kibali na kadi ya chanjo kwanza

Ndugu zangu, salaam.

Dada aliyeuliza kama anaweza kuhamia Makindye na mbwa wake wawili kutoka Mombasa, naomba nimjibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa jambo hili nililiingia bila kujua lolote na likanisumbua.

Kampala ina sheria ndogo ya mwaka 2006 kuhusu mifugo na wanyama wanaofugwa majumbani, inayomtaka mfugaji awe na kibali. Wenye kuku nao wasijione wako nje ya sheria hiyo. Anza kuulizia ofisi ya divisheni yako, kwani Makindye ni mojawapo ya divisheni tano za jiji.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga nyumba yenye ua mdogo, ukuta mmoja tu ukinitenganisha na safu ya mizigo, yaani vyumba vya kupanga vya familia moja moja kama vinavyoitwa Kampala, na mbwa wangu akawa anabweka usiku kucha. Jioni moja mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, alibisha hodi, daftari mkononi, akaniomba kadi ya chanjo. Nilikuwa nayo, ila muda wake ulikuwa umepita miezi minne. Yeye alizungumza kwa upole. Mama jirani aliyesimama nyuma yake, mwanawe ameng'ang'ania gauni lake, alikuwa na hasira, wala sikuweza kumlaumu: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, na mtoto yule alipita langoni kwangu kila asubuhi akienda shule. Kesho yake nilimwita daktari wa mifugo, kisha nikalihamishia banda upande wa barabara.

Kuhusu safari, utahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali huko Kenya, uthibitisho wa chanjo, na kibali cha kuingiza wanyama kutoka wizara ya kilimo ya Uganda, ambayo makao yake yako Entebbe. Vyote viwe tayari kabla hujafika mpakani, Busia au Malaba.

Mwenye nyumba naye akubali kwa maandishi, na idadi ya mbwa itajwe ndani ya mkataba. Akikubali mmoja tu, tafadhali usimfiche wa pili. Heri abaki kwa ndugu zako Mombasa mpaka upate nyumba yenye nafasi. Ukishafika nijulishe, twende pamoja kwa mwenyekiti ukajitambulishe.