Mjukuu na nyaya: gumzo la Kikundi cha Mtaa, Kikwajuni

Bi Zuwena: Asalaam alaykum. Mjukuu yuko darasa la tano, kila kilichokufa anakifungua. Nimpe nini kisicho khatari? Mafundi mmo humu, mko kimya tu.

Fundi Haji: Waalaykum salaam bibi. Betri 4 za tochi na kikasha chake, LED nyekundu (kile kitaa kidogo cha miguu miwili), na rezista ya ohm 220 (kidude cha kupunguza umeme, mistari yake nyekundu, nyekundu, kahawia). Mguu mrefu wa LED uende chanya. Isipowaka, kwanza ageuze miguu.

Mwl. Rukia: Na aelezwe rezista ya nini. Betri 4 ni volti 6, LED nyekundu inachukua kama 2, zabaki 4. Gawa kwa 220, unapata miliampia 18, ndio umeme unaopita. LED ndogo mwisho wake 20 hivi. Darasa la tano kugawanya anajua.

Ami Juma: Mie naona usumbufu. Betri 2 bila rezista inawaka vizuri tu.

Fundi Haji: Nyeupe sawa ami, yenyewe yataka karibu volti 3. Nyekundu inasalimika kwa kuwa betri zako zimechoka. Tia mpya uone.

Salma: Eti ndimu zinawasha taa?

Mwl. Rukia: Zinawasha, kwa mbali. Ndimu 4, kila moja uichome msumari wa kuezekea mabati na waya wa shaba uliosuguliwa, visigusane ndani. Shaba ya ndimu hii iende kwenye msumari wa inayofuata. Umeme wake mdogo mno, rezista hapo haitakiwi, na muangalie gizani. Wengi hukwama kwa kutumia misumari ya kupigilia mbao, ile haikupakwa zinki. Na ndimu hizo zisirudi kwenye mchuzi 😄

Fundi Haji: Jengine, huku pwani vyuma vya kikasha huota kijani. Taa ikizima asikimbilie kubadilisha LED, avipige msasa kwanza.

Bi Zuwena: Ana na simu mbovu.

Fundi Haji: Betri yake mnyang'anye leo hii! Ikitobolewa inashika moto. TV ya chogo na maikrowevu asiguse hata zikiwa zimechomolewa, ndani hubaki umeme mkali. Redio ya betri na gari la mchezo muachie. Ile mota akigeuza nyaya inazunguka kinyume, hapo kumlaza itakuwa kazi.

Ami Juma: Bibi, LED nyekundu ninazo, naleta baada ya Magharibi. Rezista mdai Haji.