Kufunga nailoni tumboni ukikimbia, yapunguza kitambi kweli?

FundiCherehani_Tudor

Assalam aleykum na hamjambo nyote. Mie ni mama wa miaka 43, naishi Tudor, Mombasa, kazi yangu kushona, yani kutwa niko kwenye cherehani, nainuka mara moja moja kumpima mteja ama kwenda jikoni kuangalia chungu. Miaka hii ya karibuni nimenenepa sana kiunoni, magoti yauma nkipanda ngazi za nyumbani, na mwezi uliopita nlipimwa presha ikawa 148 kwa 94, daktari akasema nianze mazoezi, niangalie chakula, alafu nirudi apime tena ndo aamue kama atanipa dawa.

Basi nkajiunga na jimu moja hapa kisiwani, sitaitaja. Kocha wa pale akanifunga nailoni tumboni, zile za kufungia mizigo, juu yake nkavaa jaketi, nkaambiwa nikimbie kwenye mashini mpaka jasho lichuruzike ndani. Na niwe nanunua kwake unga wa chai ya kukonda ninywe asubuhi badala ya kula. Siku ya kwanza nlifurahi manake mzani ulionyesha nimepungua kilo nzima, lakini kesho yake ikarudi yote, na juzi nkashikwa na kizunguzungu nusura nianguke pale pale kwenye mashini, moyo wanienda mbio, kichwa kikaniuma mpaka usiku. Mume wangu amesema nisirudi.

Sasa nauliza wenye kujua. Hii nailoni yasaidia kweli ama ndo naumia bure? Mahamri na wali wa nazi niache kabisa? Na mtu kama mimi navaa buibui, sitaki kurukaruka mbele ya wanaume, pesa ya jimu nyengine sina, nifanyie wapi mazoezi?

Kijana_Kongowea

Pole shangazi. Nailoni sijui lakini chakula nakwambia acha wali kabisa, acha sima, acha chapati, kula nyama na mayai tu. Mie nlifanya hivyo nkapungua mbio mbio mpaka watu waniuliza kama naumwa. Wali ndo adui wetu watu wa pwani.

Kocha_Tononoka

Dada yangu pole sana, na mumeo amesema kweli, usirudi. Mie nafunza watu mazoezi, asubuhi pale baharini Mama Ngina na jioni uwanja wa Tononoka, na hii habari ya nailoni yaniuma moyo kila nkiiona manake ni hatari na bado watu walipishwa pesa kwayo.

Jasho si mafuta. Jasho ni maji na chumvi, mwili walitoa ili ujipoze, na unapoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Ukijifunga nailoni halikauki, labaki pale pale, joto la ndani lazidi kupanda. Na hapa kwetu hata bila nailoni hewa ina unyevu mwingi jasho lakauka kwa shida, si wajua wakati wa kaskazi, mwezi wa pili wa tatu, waoga ukitoka bafuni ushalowa tena. Kwa hivyo ile kilo uliyoiona kwenye mzani ilikua maji, ukanywa maji ikarudi, mafuta yako hayakuguswa. Na hicho kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, hizo ni dalili za mwili uliozidiwa na joto na kuishiwa maji, tena wewe presha iko juu. Namshukuru Mungu hukuanguka.

Na kitambi hakitoki peke yake dada. Hata ufanye mazoezi ya tumbo asubuhi mpaka jioni, misuli ya tumbo itapata nguvu, lakini mafuta yataanza kutoka wapi mwili ndo waamua. Na hizo chai za kukonda nyingi zatiwa sanamaki, ile ile ya kuharisha tunayoijua toka kwa bibi zetu, waenda choo mara nyingi mzani washuka, kitambi kiko pale pale. Tupa.

Kwenye chakula tusikilizane vizuri manake hapa ndo pana kazi. Sitakwambia uache chakula cha kwenu. Wa kwanza kuangalia ni mafuta ya karai na sukari ya chai. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, gramu 1 ya wanga ama protini ina 4, yani kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori kama 120 na hata hujashiba. Viazi karai, bajia, kaimati, krisi za muhogo, yote ni vitu vizuri vilivyozamishwa kwenye mafuta. Muhogo ule ule ukichemshwa ama ukichomwa kwa makaa ni chakula safi kabisa.

Mahamri kula, lakini badala ya manne matano kula mawili, na bakuli la mbaazi ulijaze. Mbaazi ndo zenye protini na nyuzi za kukushibisha mpaka mchana, sisi twafanya kinyume, hamri kubwa mbaazi vijiko viwili. Na ukipika pika kwa tui jepesi, lile zito tia kidogo tu mwisho upate ladha. Pojo, kunde, maharagwe, yote vivyo hivyo. Wali nao usijaze sahani, nusu ya sahani iwe mchicha ama mboga nyengine yoyote na kachumbari, robo iwe samaki wa kuchoma ama wa mchuzi, robo inayobaki ndo wali.

Sukari sasa. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, ni kama vijiko 12 vya chai, na ikiwa chini ya 6 ni bora zaidi. Hesabu wewe fundi, vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko 3, ushafika 12 na hujanywa soda wala juisi ya ukwaju wala hujala halua. Soda nyingi za nusu lita peke yake zapita hizo gramu 50. Punguza nusu kijiko nusu kijiko, ulimi wazoea, tia iliki na tangawizi zaidi chai ibaki tamu. Tangawizi haiyeyushi mafuta lakini ladha yake yasaidia.

Mazoezi nakuandikia baadae nina watu hapa wanangoja.

Ummu_MjiWaKale

Dada wa Tudor karibu kwetu, yani ulivyoandika ni kama wanisema mimi. Mimi na mashoga zangu twatembea baada ya Alfajiri, Mama Ngina, na buibui zetu na raba miguuni, hakuna anayetutazama manake saa hizo watu wote pale wanatembea. Wanawake wengi sana waja. Chini ya buibui vaa dera jepesi la pamba ama suruali pana, usivae vitambaa vya nailoni vitakupika. Wewe ni fundi, jishonee buibui ya kutembelea, fupi kidogo isiburuze na upana wa kutosha chini, nami ntakuwa mteja wako wa pili wallahi.

Na magoti, sikiliza hii. Yangu yalikua yaniuma vibaya, kilichonisaidia ni kutembea ndani ya maji ya bahari. Twaenda ufuo wa Pirates asubuhi mapema kabla hakujajaa watu, twaingia mpaka kiunoni na madera yetu, twatembea huku na huku. Maji yanabeba uzito, goti haliumi, na miguu yachoka kweli kweli. Usiende peke yako lakini, na usiende ndani zaidi ya kiuno.

Nesi_Mstaafu

Binti yangu, mie ni nesi mstaafu. Mambo machache tu kuhusu hiyo presha. Ukienda kupimwa tena keti utulie dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini usipishanishe, mkono uwekwe juu ya meza usawa na moyo, na nusu saa kabla usinywe chai wala kahawa. Wengi wapimwa wamepanda ngazi sasa hivi wanahema alafu washtuka na nambari. Pima siku tofauti, uandike kwa daftari umpelekee daktari. Na akikuandikia dawa meza, dawa na mazoezi vyaenda pamoja, usimsikize mtu atakayekwambia uchague kimoja.

Chumvi mwanangu. Isizidi gramu 5 kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai kwa mapishi yote na chakula chote. Hapa pwani yatuingia kwa ng'onda, achari, krisi, viungo vya pakiti, na ile chumvi na pilipili ya muhogo wa kuchoma. Wape ndimu nafasi, ndimu yaficha upungufu wa chumvi vizuri sana.

Ukinyanyua kitu kizito usizuie pumzi, presha hupanda ghafla. Na kifua kikibana, ama maumivu yakaenda mkononi ama kwenye taya, ama ukaona giza, simama hapo hapo uende hospitali usingoje kesho.

Kijana_Kongowea

Kocha mie sibishani na wewe lakini wali niliacha na nkapungua, hilo nimeliona kwa macho yangu. Sasa waniambia wali si tatizo?

Kocha_Tononoka

Kaka ulipungua kwa sababu ulipoacha wali ulikua unakula kidogo kuliko zamani, na pia siku za mwanzo ukiacha wanga mwili watoa maji mengi ndo maana ikawa mbio mbio. Hata ungeacha kitu chengine chochote ulichokua ukila kwa wingi ungepungua. Swali langu ni moja, mwakani utakua bado huli wali? Harusi, Idi, Ijumaa kwa nyanyako? Wengi niliowaona walioacha kabisa walirudi wakala kwa hamu wakanenepa zaidi, na hiyo ndo inayonitia huruma. Dada huyu ana nyumba, ana watoto, hawezi kupika chungu chake peke yake. Nataka afanye jambo atakaloliweza miaka 10.

Haya dada, mazoezi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue kwa kasi lakini waweza kuzungumza, na siku 2 za mazoezi ya nguvu. Dakika 30 siku 5 ushamaliza. Huna haja ya kukimbia, na kwa magoti hayo sitaki ukimbie sasa. Ukienda mjini kununua vitambaa, shuka matatu mbali utembee, mtu akitoka Ferry, kivuko cha Likoni, mpaka Mwembe Tayari kwa miguu ni kama nusu saa, ashafanya zoezi la siku. Ila epuka jua la saa 5 mpaka saa 10, nenda baada ya Alfajiri ama baada ya Alasiri.

Ya nguvu fanya ndani mlango umefunga, na hii ndo wanawake wengi wanaiacha na ndo wanayoihitaji zaidi. Misuli ndo inayochukua sukari kutoka kwenye damu, na tukivuka miaka 40 inapungua kama hatuitumii. Kiti chako cha cherehani kisukume kiegemee ukuta kisiteleze. Simama mbele yake, miguu upana wa mabega, shuka polepole kwa hesabu ya 3 mpaka makalio yaguse kiti, usijitupe, alafu inuka bila kushika kitu, uzito uwe kwenye visigino. Mara 8 mpaka 10, pumzika, rudia raundi 2 tena. Goti likiuma weka mto juu ya kiti usishuke sana. Kisha pushapu za ukutani, mikono ukutani mwili umenyooka, mara 10. Kisha chukua mitungi miwili ya maji ya lita 5, ni kilo 5 kila mkono, tembea nayo sebuleni mabega yamekaa nyuma. Ikiwa nyepesi ongeza. Na kila ukimaliza kushona nguo moja inuka, nyoosha mgongo, zunguka kidogo kabla hujashika nyengine.

Mzani usiupande kila siku utakuchanganya. Wewe una tepu, pima tumbo usawa wa kitovu ukishatoa pumzi, mara moja kila wiki 2, na ulenge liwe chini ya nusu ya urefu wako. Ukiwa na urefu wa sentimita 160, lenga chini ya 80. Haitakua mwezi huu wala ujao, usiharakishe, hata mwenye kilo 90 akipungua 4 ama 5 presha yaanza kujibu.

FundiCherehani_Tudor

Mungu awabariki nyote, nimesoma mpaka machozi yananilenga. Tepu ninayo shingoni hapa na sijawahi kujipima mwenyewe! Swali la mwisho kocha. Mume wangu afunga duka usiku, twala saa 4, na mama mkwe ndo apika siku nyingi, mkono wake mzito wa mafuta na siwezi kumwambia kitu. Na Ijumaa ni biriani.

Kocha_Tononoka

Mama mkwe usimrekebishe, mheshimu. Omba wewe ndo utie mafuta siku anazopika, umwambie daktari amekukataza, daktari hagombani na mtu. Biriani kula, chota masala yale ya chini usiyachukue mafuta yaliyoelea juu, kiazi kimoja, kachumbari nyingi, sahani moja usirudie, na badala ya juisi kunywa maji. Usiku kula kidogo saa 1 pamoja na watoto, mumeo akija keti naye na kikombe cha chai isiyo na sukari umpe kampani. Ikiwa lazima ule naye, usilale hapo hapo, tembeeni wote wawili dakika 10 ama 15 barazani ama mtaani, hiyo yashusha sukari ya damu baada ya kula, na yeye pia itamfaa.

Ummu_MjiWaKale

Dada, Jumamosi tunakutana Mama Ngina kwenye mibuyu baada ya Alfajiri. Kuna wawili wengine wa Tudor wanakuja na tuktuk moja, nimekutumia ujumbe faraghani uwaambie wakupitie. Beba maji, vaa raba, na tepu uje nayo manake hata sisi hatujajipima.