Msaada wakuu: mashine ya RO ya utomvu wa mepo (maple) imeanza kubana, naioshaje bila kuua membreni?

Kibarua_Vermont
Habari zenu wadau. Nipo Vermont huku Marekani, msimu huu nimepata kibarua kwa mzee mmoja anatengeneza sirapu ya mepo. Kwa wasioijua, mwisho wa baridi usiku unagandisha mchana unayeyusha, basi unatoboa mti unatoka utomvu kama maji tu, sukari yake ni asilimia 2 hivi, kwahiyo mpaka upate galoni moja ya sirapu umechemsha galoni kama 43, kuni hazitoshi. Ndo maana mzee kaweka RO, yaani mashine inayosukuma utomvu kwa presha kwenye membreni (chujio laini sana linalopitisha maji na kuzuia sukari), inakamua maji kwanza mpaka sukari ifike asilimia 8, hapo unachemsha galoni 11 tu badala ya 43.

Sasa tangu juzi presha ni ileile ila maji yanayotoka yanazidi kupungua, na utomvu mwingi umejaa tenki unasubiri, na ukikaa unaharibika. Mzee kaenda msibani mbali, kwenye simu kaniambia "ioshe" akakata. Kaacha ndoo ya sabuni ya unga na kopo la asidi. Naanza na ipi? Na jiki ipo ya kufulia, naweza kutia kidogo iue bakteria?

Kisima_Kilifi
Boss mimi niko na duka la maji huku Pwani, kisima chetu kina chumvi balaa, RO nazijua vizuri. Ikibana hivyo ni chokaa imeganda, piga asidi ya sitriki zungusha saa moja suuza, itafunguka. Sabuni mimi huwa sishughuliki nayo sana.

Mwana_Bukavu
Ndugu wa Kilifi, na heshima zote, hapana. Miye niko Québec, huku ndo kunatoka zaidi ya nusu ya sirapu yote ya dunia, na hii kazi nimeifanya. Maji ya kisima yanaleta chokaa ndiyo, lakini utomvu unaleta sukari, bakteria na ule utelezi wao, hivyo vitu asidi haivitoi, ukitangulia na asidi uchafu wa namna hiyo unaweza kushikilia zaidi. Hapa sabuni ndo ya kwanza, asidi inafuata nyuma, tena si kila siku.

Na jiki USIGUSE. Membreni hizi zinakatwakatwa na klorini, sukari itaanza kupita upande wa maji na hakuna dawa ya kuirudisha, unanunua nyingine. Hata maji ya bomba ya mji usitumie kuoshea, yana klorini. Tumia yale maji matupu ambayo mashine yenyewe imeyatoa kwenye utomvu. Natumaini mmeyaweka kwenye tenki, kama mmeyamwaga mko na shida kubwa kuliko ya membreni.

Kibarua_Vermont
Yapo mkuu, tenki zima.

Mwana_Bukavu
Vizuri. Basi fanya hivi. Kwanza sukuma maji matupu mpaka utamu wote utoke, usitie sabuni juu ya sukari, unapoteza sabuni. Badilisha na ile filta ya mbele ya maikroni 5, pengine nusu ya shida iko pale. Kisha koroga sabuni kwenye ndoo ya maji matupu ya uvuguvugu, UNGA unaingia kwenye MAJI pole pole, siyo maji juu ya unga, ile sabuni ni ya kostiki (alkali kali inayounguza) inachemka na kuruka usoni, vaa glovu na miwani. Fungua valvu ya utomvu mzito yote, presha iwe ya chini, pande zote mbili, ya maji na ya utomvu, zirudi kwenye tenki la kuoshea, acha izunguke. Pampu yenyewe itapandisha joto, wewe simama na kipimajoto, ikifika 40 za selsiasi uwe karibu na swichi, membreni nyingi mwisho wake ni 45, na kwenye sabuni kali hata chini ya hapo. Kibandiko cha mashine kikisema tofauti na mimi fuata kibandiko.

mpita_njia88
Kwani si umwage maji ya moto tu yaishe, sabuni ya nini

Fundi_Pampu_Dsm
@mpita_njia88 kwa maji ya moto ataizika hiyo membreni leo leo.

Mleta mada, kabla hujaosha niulize kitu wengi wanaruka. Una uhakika imeziba? Maji yakiwa ya baridi yanapita kwa shida, kila digrii moja ya selsiasi ikishuka unapoteza karibu asilimia 3 ya mtiririko. Utomvu wa leo wa digrii 2 huwezi kuulinganisha na wa juzi wa digrii 8, hapo unaona pungufu karibu asilimia 17 na membreni haina kosa lolote. Pitisha maji matupu, andika joto, presha na galoni kwa saa, halafu tafuta namba za mwanzo wa msimu, wazee wa kazi hizi huwa wanaziandika ukutani au kwenye daftari.

Kisima_Kilifi
Hiyo ya joto kweli kabisa, sisi huku maji ni moto mwaka mzima hata hatuiwazi. Na kaka yangu wa Bukavu nimekuelewa, hayo ya sukari sikuwa nayajua.

Kibarua_Vermont
Namba nimezikuta nyuma ya mlango kwa kalamu ya risasi. Nimepima na maji ya joto lilelile, ipo kama asilimia 70 ya ilivyokuwa, kwahiyo imeziba kweli. Nimezungusha sabuni, yametoka maji ya rangi ya chai, yananuka. Sasa nasuuza, ila nitajuaje sabuni imeisha? Naogopa kuharibu sirapu ya watu.

Mwana_Bukavu
Ile rangi ndo uchafu wenyewe. Suuza mpaka uchoke, membreni moja kubwa ya inchi 8 inakula mamia ya galoni. Chukua karatasi za pH, pima maji yanayoingia na yanayotoka pande ZOTE mbili, yakilingana umemaliza, na ukishika kwa vidole yasiteleze. Maji ya kwanza ya sabuni usiyaelekeze mtoni, muulize mzee huwa anayapeleka wapi. Halafu pima tena kama alivyosema fundi. Ikirudi 90 na kitu endelea na kazi, ikibaki chini rudia sabuni, bado ikigoma ndo ulete asidi, baada ya kusuuza, visikutane.

Kibarua_Vermont
Imerudi 94! Asidi naiacha kwenye kopo lake. Msimu ukiisha inalazwaje?

Fundi_Pampu_Dsm
Sabuni, suuza, asidi, suuza, halafu unailaza kwenye maji matupu yenye sodiamu metabaisalfaiti (dawa ya kuzuia vijidudu) kama asilimia 1, imefungwa isipate hewa. Koroga mlango ukiwa wazi, ule moshi unakaba koo. Na iwekwe pasipoganda, kwa baridi ya huko usiiache bandani.